Jinsi nilivyompatia nyumba mbwa wa kituoni mwenye tabia ngumu

Mbwa wa kituo cha kuhifadhi mbwa wasio na wenyewe akiandikiwa "mkali" kwenye kadi ya kibanda chake hapati nyumba kwa urahisi, na akipata hurudishwa upesi, kwa sababu neno hilo halimwambii mtu afanye nini. Mbwa niliyemshughulikia, tumwite Chui, alikuwa na kadi ya namna hiyo. Dume la miaka kama minne, kilo 27, amehasiwa na kuchanjwa. Aliwabwekea wote waliopita mbele ya wavu, na aliwahi kunguruma mtu alipomkaribia akila. Kilichomtoa kituoni ni kulifuta neno hilo na kuandika mahali pake anachofanya hasa, mbele ya nini, kwa umbali gani, na huchukua muda gani kutulia. Hayo yakishajulikana, mtu hutafuta nyumba moja ambayo maisha yake ya kila siku hayagongani na udhaifu wa mbwa huyo.

Kabla ya yote, daktari wa mifugo. Maumivu huonekana kama ukali. Nilimwomba aangalie masikio, meno, nyonga, mgongo na ngozi. Sikio la kushoto la Chui lilikuwa na maambukizi, na lilipotibiwa aliacha kukwepa mkono unaomgusa kichwani. Kumfundisha mbwa anayeumwa kuvumilia kuguswa ni kumtesa.

Kisha daftari lenye safu nne: kichocheo, umbali, alichofanya, muda wa kutulia. Kila aliyemhudumia aliandika, na aliandika alichokiona, si alichodhani. "Alikuwa na hasira" haikubaliki. "Alikakamaa, akaukodolea macho mfuko wa mtu, akanguruma, akaacha mtu aliporudi nyuma hatua mbili" inakubalika. Anayeandika ajue ngazi za onyo: mbwa hugeuza kichwa, hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa macho, hukakamaa, hunguruma, hutoa meno, hung'ata hewa, ndipo huuma. Si kila mbwa hupita kila ngazi. Mara nyingi aliyeadhibiwa kwa kunguruma ndiye anayeruka ngazi hiyo na kuuma moja kwa moja, kwa hiyo tulipiga marufuku kumkaripia kwa kunguruma.

Daftari lilionyesha picha tofauti na kadi. Akiwa kwenye kamba, mbwa mwingine akifika chini ya mita 12, Chui hulipuka. Kwa mita 20 humtazama na bado hula kipande cha nyama. Kwenye uwanja wenye uzio, bila kamba, alicheza vizuri na jike mtulivu. Basi shida yake haikuwa chuki kwa mbwa wenzake, ilikuwa kuzuiwa, na wavu wa kibanda humfanyia vilevile. Bakuli la chakula kikavu hakulilinda, mfupa wa kutafuna aliulinda kweli. Wageni wanaomjia moja kwa moja humtisha, wanaosimama ubavu huwaendea mwenyewe. Kuhusu watoto wadogo tuliandika "haijulikani", kwa sababu hakuna mtoto wa kumjaribia mbwa.

Kituo hupotosha taarifa pande zote mbili. Kelele na usingizi mdogo humfanya mbwa aonekane mbaya kuliko alivyo. Upande wa pili, mbwa asiyevumilia kubaki peke yake anaweza kuonekana hana shida yoyote kituoni, kwa sababu watu na mbwa wenzake wako karibu muda mwingi. Jaribio la kusukuma mkono bandia kwenye bakuli siliamini likiwa peke yake: wapo wanaolinda chakula kituoni na nyumbani wasilinde, na kinyume chake. Njia bora ni nyumba ya muda, hata kwa wiki mbili, yenye mlezi anayejua kuandika daftari. Kamera ya simu iachwe ikirekodi mbwa akiwa peke yake kwa dakika 30. Akihema, akizunguka mlangoni, akilia au kukwangua bila kupumzika, hiyo ni shida ya kutengana na inahitaji mpango wake. Huanza na kutoka kwa sekunde chache tu na kurudi kabla hajahangaika. Kwa wengine daktari huongeza dawa kama fluoksetini au klomipramini, ambazo kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 8 kabla ya kuhukumiwa kama zinasaidia. Chui, alipoachwa peke yake, alilala.

Historia ya kuuma ielezwe kwa kipimo. Natumia ngazi sita za Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia za mbwa. Ya kwanza ni kung'ata bila meno kugusa ngozi. Ya pili meno hugusa bila kutoboa. Ya tatu ni tundu moja hadi manne kwa kuuma mara moja, lisiwepo linalozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya nne angalau tundu moja huzidi kina hicho, ishara kwamba mbwa alishikilia au alitikisa. Ya tano ni kuuma kwa kina mara nyingi, ya sita ni kuua. Chui alikuwa na tukio moja la ngazi ya pili, la mfupa. Msimamo wangu ni huu: ngazi ya kwanza na ya pili hupata nyumba kwa mpango mzuri. Ya tatu huenda kwa watu wazima wenye uzoefu, wakisaidiwa na mtaalamu. Kuanzia ya nne simweki mbwa kwenye nyumba ya kawaida, hata kama moyo unaniuma. Jeraha lolote lililotoboa ngozi huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aliyeumwa huenda hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa, na mbwa huangaliwa siku 10.

Mafunzo hayakulenga kumfanya awe mbwa mwingine. Yalilenga mambo matatu ambayo familia mpya ingeyahitaji tangu siku ya kwanza.

La kwanza ni kikapu cha kufunika mdomo. Kiwe cha aina ya kikapu, si kile cha kitambaa kinachobana, maana mbwa lazima aweze kufungua mdomo kuhema, kunywa maji na kupokea kipande cha chakula. Pua ibaki na nafasi ya kama sentimita moja mbele. Mzunguko upimwe mdomo ukiwa wazi kidogo. Chakula laini hupakwa ndani, na mbwa huingiza pua mwenyewe, hasukumwi. Anapokaa humo sekunde 10 bila kujitoa, mkanda hushikwa nyuma ya masikio bila kufungwa, kisha hufungwa sekunde mbili, tano, ishirini, hadi anatembea nacho. Vipindi viwili kwa siku, dakika mbili au tatu kila kimoja. Kinachoharibu kazi ni haraka, na kumvisha pale tu anapopelekwa kwa daktari. Baada ya mara mbili hivi kikapu chenyewe kinakuwa habari mbaya.

La pili ni kamba na mbwa wengine. Tulisimama kwenye mita 20. Mbwa anatokea, Chui anamwona, nyama inaanza kutoka mfululizo. Mbwa anapotea, nyama inakoma. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukitoa nyama kabla mbwa hajaonekana, nyama inakuwa ishara ya hatari na mbwa huanza kuiogopa. Umbali tuliupunguza kwa mita moja au mbili, na pale tu alipoanza kumtazama mbwa mwingine kisha kumgeukia mshika kamba bila kuitwa. Akikataa chakula anachokipenda, mko karibu mno: geukeni, ondokeni. Akishalipuka vibaya, apumzike siku moja au mbili bila kukutana na mbwa wengine, kwa sababu mwili hauishiwi msisimko papo hapo na vichocheo hujazana. Kola za umeme na za miiba hatukuzigusa. Maumivu yanayokuja kila mbwa mwingine anapotokea humfundisha kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

La tatu ni mfupa. Mtu hupita mita mbili kutoka alipo, hurusha kitu kitamu zaidi, huendelea na safari yake. Baada ya siku nyingi mbwa huinua kichwa kwa furaha anaposikia hatua. Hata hivyo sikuyategemea mafunzo hayo peke yake. Kanuni iliyoandikwa kwa familia ilisema mifupa huliwa kwenye chumba kilichofungwa, basi. Mtindo wa kumnyang'anya mbwa bakuli ili "azoee" unaweza kutengeneza walinzi wa bakuli.

Tangazo liliandikwa daftari likiwa mezani. Picha ilipigwa nje, kamera ikiwa usawa wa macho yake, wavu usionekane, pamoja na video ya sekunde 40 akinusa majani na kuja alipoitwa. Maneno yalikuwa haya: "Chui hupenda kunusa kuliko kukimbia na hulala kutwa. Anahitaji nyumba ya watu wazima yenye uzio, chumba cha kumweka wageni wanapokuja, na mtu anayeweza kuepuka njia zenye mbwa wengi. Huwabwekea mbwa wanaomkaribia akiwa kwenye kamba, hulinda mifupa, na hatujui atafanyaje kwa watoto. Amezoea kikapu cha mdomo." Sikuandika "anahitaji nafasi ya pili" wala "mwokoe". Maneno hayo huvuta wenye huruma wasio na uzio. Waombaji walipungua, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kwenye mahojiano, maswali ya ndiyo au hapana hayana faida. Niliuliza: siku ya kawaida kwenu inakwendaje tangu asubuhi? Nani huingia bila kubisha hodi? Mbwa wenu wa mwisho aliishia wapi? Akinguruma mtafanya nini? Anayejibu kwamba atamwonyesha nani ndiye bwana hapati mbwa huyu. Anayesema upendo utatosha nazungumza naye zaidi, kwa sababu mara nyingi ni mtu mwema ambaye hajaelezwa. Kila mtu mzima wa nyumba lazima azungumze mwenyewe. Asiyemtaka mbwa ndiye atakayeacha lango wazi.

Mbwa akutane na familia mara tatu, siku tofauti, ya mwisho ikiwa nyumbani kwao. Mara ya kwanza ni nje ya kituo, wote wakitembea upande mmoja bila kumwita, kumwinamia wala kumnyoshea mkono. Kama kuna mbwa mwenyeji, watembezwe sambamba mita 15 kati yao, mahali pasipo pa yeyote, wakikaribiana kidogo kidogo. Wakinusana, sekunde tatu zatosha, kisha waitwe waendelee kutembea. Nyumbani nilikagua uzio wenyewe: urefu wa mita 1.8, matundu ya chini, vitu vilivyoegemezwa vya kupandia, na kama kati ya mlango na lango kuna kizuizi cha pili.

Kukabidhi kulifanyika asubuhi, mwanzoni mwa siku kadhaa ambazo familia ingekuwa nyumbani bila shughuli ya wageni. Chui alikwenda na blanketi lake bila kufuliwa, kikapu chake, na chakula cha kituoni cha kutosha siku 10, kikichanganywa na kipya robo kwa robo kila siku mbili au tatu ili tumbo lisiharibike. Alivaa mkanda wa kifuani na kola, kila kimoja na kamba yake, na kibati chenye namba ya simu kilivalishwa kabla hajatoka langoni. Siku za kwanza ndizo mbwa hupotea, kwa kuchomoka kwenye kola au kupenya mlangoni. Taarifa za chipu ya utambulisho zilibadilishwa siku hiyohiyo. Mkataba uliandika majaribio ya wiki mbili, haki ya kumrudisha wakati wowote hata baada ya hapo, na katazo la kumgawa kwa mtu mwingine bila kituo kujua.

Niliwaeleza pia ratiba ya kawaida ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Si sheria, ni makadirio. Siku tatu za mwanzo huenda asile vizuri wala asicheze: asiogeshwe, asialikiwe watu, asitembezwe mbali. Karibu na wiki ya tatu huanza kujiona yuko kwake, na hapo tabia zilizojificha hujitokeza. Familia isiyoambiwa hudhani mbwa ameharibika mikononi mwao, humrudisha kwa aibu.

Simu nilipiga siku ya pili, ya saba, wiki ya tatu na mwezi wa tatu. Sikuuliza "anaendeleaje", kwa kuwa jibu huwa "vizuri". Niliuliza amenguruma lini mara ya mwisho, mbele ya nini, na nani alikuwa wapi. Wiki ya tatu walisema amemngurumia mgeni aliyeinuka ghafla kwenye kiti. Tuliongeza geti la ndani kati ya sebule na chumba chake, awekwe humo kabla hodi haijapigwa, na atolewe kwa kamba wageni wakishakaa kama dakika 20, ikiwa mwili wake umelegea. Ikiwa haujalegea, abaki chumbani hadi wageni waondoke. Mwezi wa tatu tulianza kulegeza masharti, moja kwa wiki mbili, tukianza na kamba ya pili matembezini. Geti la ndani na chumba cha mifupa havikuwekwa kwenye orodha ya kuondolewa.