Mwiko Nyuma ya Kawa

Chake Chake, Jumapili jioni.

Leo alasiri mvua ilitufungia ndani. Mama alikuwa amempakata mtoto wa mdogo wangu, aliyetimiza miezi minne wiki hii, nami nikachukua mwiko mrefu wa kupikia shughulini, nikausimamisha nyuma ya kawa, ncha ikiwa juu, mpini chini, na katikati pote pamezibwa. Mwiko ulipotulia, mtoto alilitazama kawa tu, hasa ule mstari wa ukili mwekundu. Nilipoanza kuupeleka kushoto na kulia, macho yake yaliliacha kawa na kuufuata mwiko, huku miguu ikipiga mapajani mwa bibi yake.

“Mwanangu, huyu anajua nini cha mwiko?” Mama akaniuliza.

Nikamweleza kwamba mwaka 1983 Philip Kellman na Elizabeth Spelke, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio la namna hii, ila lao lilikuwa la fimbo na ubao. Watoto wa miezi minne walioneshwa fimbo ikienda huku na huku nyuma ya ubao mpaka wakachoka kuitazama. Kisha ubao ukaondolewa, wakaoneshwa ama fimbo nzima, ama vipande viwili vyenye pengo katikati. Fimbo nzima hawakuijali sana, bali vile vipande walivikazia macho kama kitu kigeni, kwa kuwa fimbo walikwisha kuiunganisha wenyewe. Ilipokuwa imetulia, dalili hiyo haikuonekana. Alan Slater na wenzake walipowajaribu watoto wachanga kabisa, mwaka 1990, mambo yaligeuka: kilichokuwa kigeni kwao ni fimbo nzima.

Mama alinyamaza, nami nikanyamaza. Sehemu ya kati ya mwiko hakuna aliyeiona, si mimi wala yeye. Sote tuliijaza, na kujaza huko ni kiinimacho ambacho bila yake tusingemtambua mtu aliyesimama nyuma ya nguzo ya baraza. Sisi tunajaza hata kitu kikitulia, ilhali mtoto wetu bado anahitaji mwendo, ncha mbili ziende pamoja, ndipo akubali kuwa kitu ni kimoja.

Nyumba ya pili kuna kichanga ambaye arobaini yake haijatoka. Usiku huu namfikiria yeye: mama yake akipita nyuma ya mlango ulioegeshwa, huenda anaona bega huku na upindo wa khanga kule, na bado havijawa mama.