Visu viwili juu ya meza

Kisumu, Jumapili usiku

Stima imepotea tangu saa moja, na mvua inapiga mabati kana kwamba yana deni lake. Nimewasha taa ya sola na kuweka visu viwili mezani, vyote vya kukunja, vyote vina jina moja ubavuni na nembo ileile. Jina lenyewe sitalitaja, maana nina malalamiko na sina pesa za wakili.

Kimoja ni cha babu. Chini ya jina kimepigwa chapa ya Sheffield, mji wa visu wa Uingereza. Cha pili ni changu, na hicho Sheffield hakiijui. Ukikigeuza na kukisogeza kwenye mwanga utaona, kwa herufi ndogo kama zile za masharti ya mkopo, kwamba kimetengenezwa nchi nyingine kabisa.

Cha babu kilinifikia kwenye matanga yake, mwaka 2019. Shangazi alikitoa kwenye kikapu chake nikate kamba za hema, kisha kikabaki mfukoni mwangu. Tulikua tukisimuliwa kwamba babu alikuwa na Reli, kwenye karakana ya meli hapa Kisumu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 alirudi Maragoli na vitu vitatu: baiskeli, koti la mvua na kisu hicho. Alikitumia kumenya miwa, kuchonga mswaki, kututoa funza. Kila akimaliza alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kwa sababu chuma chake ni kile cha kale ambacho ukikiacha na utomvu wa ndizi usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu. Sasa bapa limekuwa la kijivu kizito, rangi ya ziwa kabla ya dhoruba. Tena limeliwa. Jiwe la mlangoni lilikokuwa likinolewa lina bonde katikati, na bapa nalo limekonda hadi ncha yake imekaribia kuwa sindano.

Changu nilikinunua mwaka jana katika duka moja la Oginga Odinga Street, kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Niliona jina nikasisimka kama mtoto. Mwezi wa kwanza nilimenya muwa, makali yakajikunja. Kufikia mwezi wa tano springi ilikuwa imechoka: ukikifungua, bapa linaangukia mahali pake kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye matatu. Kati ya springi na mpini kuna mwanya unaopitisha ukucha. Nikaanza wimbo wa wazee wote, kwamba vitu vya siku hizi ni takataka, na nimeuimba mwaka mzima kwa yeyote aliyekubali kusimama.

Wimbo wenyewe si wa uongo. Schrade ya Marekani ilianza 1904, na visu vyake vya Old Timer vilikaa mifukoni mwa wakulima wa kule vizazi na vizazi. Mwaka 2004 kiwanda kikafungwa, jina likanunuliwa, na visu vyenye jina hilo vikaanza kutoka China. Okapi, kisu kilichobuniwa 1902 huko Ujerumani ili kiuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, kilihamishiwa Afrika Kusini mwaka 1988. Naona haki fulani hapo, ingawa wapenzi wa visu vya Kijerumani hawatanielewa. Na wapo waliobaki nyumbani: Victorinox bado wako Ibach, Uswisi, pale pale Karl Elsener alipofungua karakana yake 1884. Kwa hiyo jina la zamani kwenye kisu kipya laweza kuwa na maana au lisiwe nayo. Inategemea kama waliouza jina waliuza na watu.

Ninachomaanisha ni hiki. Sheffield ya zamani haikuwa mashine moja kubwa inayotema visu. Kisu kilipita mikono kadhaa: mhunzi alifua bapa, mwingine akalisaga kwenye jiwe, mwingine akaunganisha bapa, springi na mpini. Wengi walikuwa mafundi wadogo waliokodi vyumba vya kazi na kulipwa kwa idadi. Ukitaka kuwaona, nenda kwa mafundi wa Kamas, pale soko la Kibuye, usikilize nyundo. Wale wa Sheffield walikuwa jua kali wa Uingereza, tofauti ni kwamba wao hawakuwa na jua.

Jumamosi nilikipeleka changu Kibuye, kwa yule kijana mwenye baiskeli iliyofungwa jiwe, anayekanyaga pedeli bila kwenda popote. Aliyaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba, akayainamisha kidogo, yakateleza.

"Mwalimu, hiki hakijawahi kunolewa."

"Nimekinunua kikiwa kipya."

"Ndiyo. Huko kiwandani walikipitisha tu. Ona, kina mabega."

Akanionyesha. Nilikuwa nimekitazama kisu hicho mwaka mzima bila kuona mabega. Nyuma tu ya makali, bapa lilikuwa nene kama la shoka, kwa hiyo kila nilipokata nilikuwa nikipasua. Akaanza kuyala mabega hayo taratibu, pedeli tatu au nne, kisha anachovya kwenye kopo la maji. Aliniambia chuma kikipata moto kikageuka bluu basi kimekufa, hakishiki makali tena. Nilipenda alivyokuwa akichovya hata pale ambapo hakukuwa na haja, nadhani kwa sababu nilikuwa nikitazama. Alimalizia kwa kipande cha mkanda wa ngozi. Dakika kumi na tano, shilingi hamsini, na kisu kikapita kwenye karatasi ya daftari bila sauti.

Nilinunua miwa miwili hapo hapo sokoni nikaimenya yote nimesimama, watu wakinishangaa. Makali hayakujikunja. Chuma nilichokitukana mwaka mzima hakikuwa na kosa. Tena hakishiki kutu, jambo ambalo babu angelilipia pesa nzuri.

Nikamwonyesha springi. Akaifungua na kuifunga mara mbili, akaiweka sikioni kama saa.

"Hii siiwezi. Hii ni ya aliyeunganisha."

Basi nikarudi nyumbani na hukumu yangu tayari: kisu kimeshuka, lakini si chuma kilichoshuka. Kilichoondoka ni mtu wa mwisho, yule ambaye angekaa nacho robo saa, apunguze mabega, abane mwanya, akirudishe nyuma kama springi haisemi vizuri. Huyo ndiye gharama ya kwanza kukatwa, maana dukani haonekani. Mimi mwenyewe nililipa kuku wawili bila kuuliza yuko wapi.

Ningeishia hapo na kulala nikiwa nimeridhika, lakini leo baada ya kanisa shangazi alipitia kwangu. Nikamwekea visu vyote mbele, nikamweleza. Nikamsifia hasa mpini wa kisu cha babu: ile pembe nyeusi yenye michirizi ya asali, ilivyolainika, ilivyokaa kwenye ribiti bila hata ufa baada ya miaka hamsini. Nikamwambia mpini kama huo hautengenezwi tena.

Shangazi alikunywa chai kwanza.

"Miaka hamsini ya nani? Hiki ni kisu cha tatu. Cha kwanza kilianguka ziwani, mimi nikiwa darasa la nne, akakasirika siku tatu. Cha pili alikivunja ncha akifungua kopo la rangi. Alikitupa chooni ili mama asijue."

"Na hiki?"

"Hiki alikinunua akiwa ameshatoka Reli, pesa ya majani chai. Na huo mpini unaousifu ni pembe ya fahali wetu. Ule wa Uingereza ulikuwa plastiki, ulipasuka mwaka huohuo. Alimpelekea fundi mmoja wa Mbale, sasa marehemu."

Nilinyamaza. Nimebeba kisu hicho tangu matanga nikiwaonyesha watu kazi ya mikono ya Sheffield, kumbe sehemu ninayoishika na kuipapasa imetoka kwenye zizi letu. Vile viwili vingine, kimoja kiko chini ya ziwa na kingine mahali pabaya zaidi, ndiyo maana hakuna anayevitaja vikishindanishwa na vipya.

Ila bado kuna bapa na springi, na hivyo ni vya huko. Nimevifungua visu vyote tena sasa hivi, kimoja kimoja. Cha babu kinasema tap, kavu, kama mlango mzuri. Changu kinasema kitu kinachofanana na kikohozi. Sauti hiyo shangazi hawezi kunipokonya.

Nilimwambia hivyo akiwa anavaa viatu mlangoni. Akanyoosha mkono.

"Sikukupa kisu, mwanangu. Nilikuazima ukate kamba za hema."

Nimeomba nikae nacho hadi Ijumaa.