Saa moja na saa moja: ratiba ya antibiotiki ya kuvuta

Saa yetu ya Kiswahili inamrahisishia kazi mgonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Dozi mbili zikitengana kwa saa 12, zinabeba namba ileile: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Hapa Mwanza, karibu kabisa na ikweta, jua nalo huchomoza na kuzama karibu na saa hiyo mwaka mzima. Simu ikiisha chaji, bado unajua muda wa dawa umefika.

Dawa ninayoizungumzia zaidi ni tobramaisini ya kuvuta, ampuli ya miligramu 300 katika mililita 5, mara mbili kwa siku kwa siku 28, kisha siku 28 za kupumzika. Kipimo hakifuati uzito. Mtoto wa miaka sita na mtu mzima wa kilo 80 wote humaliza ampuli nzima. Anayelengwa ni Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayejichimbia kwenye makohozi mazito. Kwa kuvuta, dawa nyingi inamfikia humo humo kwenye mapafu, na kidogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu.

Wengi hudhani ratiba inavunjika kwa sababu mtu amesahau. Mimi naona dozi ya jioni huharibikia asubuhi, kwenye karai. Kikombe cha nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, kimeachwa na mabaki ya dawa, kimekaukia meza ya sebuleni, na saa moja usiku ikifika mtu anatakiwa kwanza aoshe, achemshe, asubiri kikauke. Amechoka, anasema kesho. Kwa hiyo, kabla ya kununua saa yenye kengele, nunua kikombe cha pili. Vikombe viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni, vinaokoa dozi nyingi kuliko kengele yoyote.

Kuosha kwenyewe hakuna siri. Ukimaliza tu kuvuta, fungua vipande vyote, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza. Mara moja kwa siku chemsha kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, dakika 5 tangu maji yaanze kutokota sawasawa. Weka maji mengi. Yakikauka, plastiki inagusa kitako cha sufuria na kupinda, na kikombe kilichopinda hakitoi tena ukungu mwembamba. Siki haitoshi kwa kazi hii. Maji ya ziwani au ya ndoo iliyolala usiku kucha usiyatumie kusuuzia vipande vilivyokwisha kuchemshwa, kwani Pseudomonas anaishi kwenye maji na kila penye unyevu. Ungekuwa unampandisha kwenye mapafu kwa mashine uliyoinunua ili kumfukuza.

Usifute kwa kitambaa. Kung'uta, panga juu ya taulo safi, funika kwa kawa. Kawa ni la lazima huku kwetu, maana wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hawachagui sahani ya ugali wala kikombe cha dawa. Masika vitu havikauki upesi. Unganisha kikombe na kompresa, ile pampu ya hewa ya nebulaiza, iwashe dakika moja au mbili, hewa itafukuza matone yaliyojificha kwenye tundu la katikati. Mpira wa hewa, ule unaounganisha kompresa na kikombe, hauoshwi. Ukiona umande ndani yake, acha kompresa ipulize hadi uwe mkavu.

Tupige hesabu ya muda, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Ampuli yenyewe huchukua kama dakika 15. Lakini antibiotiki huja mwisho. Kwanza salbutamoli ya kufungua njia za hewa, na dakika 15 za kuisubiri. Halafu maji ya chumvi ya kuvuta ya asilimia 7 kama umeandikiwa, halafu mazoezi ya kutoa makohozi, dakika 20 hadi 30. Ukivuta tobramaisini kabla ya kukohoa, unaipaka juu ya makohozi ambayo utayatema muda mfupi baadaye. Jumlisha na kuosha, ni saa nzima na robo au zaidi. Mtoto anayetoka nyumbani kwenda shule saa 12:45 asubuhi anatakiwa awe ameamka saa 11 na robo alfajiri. Kwa hiyo dozi yake iwe saa 12 na saa 12, au ya jioni isogee kidogo. Saa 12 za kutenganisha ndilo lengo. Mpaka usiovukwa ni saa 6 kati ya dozi na dozi.

Mpaka huo ndio unaojibu swali la dozi iliyosahauliwa. Ratiba ni saa moja na saa moja, umekumbuka saa sita mchana: zimebaki saa 7, vuta sasa hivi. Umekumbuka saa nane mchana: zimebaki 5, iache hiyo, subiri ya usiku. Kwa maneno mengine, dozi ya asubuhi huokoka hadi saa saba mchana tu, na ya usiku hadi saa saba usiku. Ampuli mbili kwa mkupuo haziruhusiwi hata siku moja.

Wakati wa kuvuta, kaa wima, midomo ikumbatie kipande cha mdomoni, pumua kawaida kwa mdomo. Anayepumua kwa pua abanwe pua kwa kibanio laini. Mvuto mrefu wa kujitutumua huleta kizunguzungu tu. Kikombe kikianza kutema-tema, kigonge kwa kidole mara mbili tatu, endelea hadi ukungu uishe. Usichanganye tobramaisini na dawa nyingine yoyote kwenye kikombe kimoja kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Ukiona dakika 15 zimekuwa 25, usizoee. Anza na kichujio cha kompresa, kile kipande kidogo kama sifongo: kikiwa cha kijivu au kimeloa, badilisha. Kisha angalia tundu la kikombe kwa kulielekeza kwenye mwanga, kwani mabaki yaliyokauka huliziba. Pinda mpira taratibu sehemu unazochomekwa, ndipo unapopasuka. Kama vyote vizima, tazama umeme. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, umeme huwa mdogo, na kompresa hunguruma bila nguvu. Kuvuta robo saa mapema wakati mwingine kunamaliza tatizo.

Umeme ukikatika kabisa, inveta ya sola inafaa kama inabeba wati zilizoandikwa nyuma ya kompresa, na iwe ile ya wimbi safi (pure sine wave), maana zile za bei rahisi huchemsha mota. Nebulaiza ndogo ya betri inavutia, lakini muulize daktari kwanza: hutoa dawa kwa kasi na kiasi tofauti, kwa hiyo miligramu 300 za kwenye kikombe hiki si lazima ziwe zilezile kwenye mashine nyingine.

Ampuli hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya mfuko wake wa foili kwa sababu mwanga unaiharibu. Nje ya friji inavumilia hadi siku 28, ila joto lisizidi nyuzi 25, na mchana wa Mwanza huvuka hapo kwa urahisi. Anayepanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, abebe kisanduku cha baridi. Barafu ya samaki haikosekani mwaloni, lakini ifungwe kwenye mfuko wake na taulo iwe katikati. Dawa ipoe, isigande. Rangi ya manjano hafifu ni ya kawaida.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kupanga mzunguko kwa tarehe ya mwezi. Siku 28 si mwezi, ni wiki nne kamili. Ukianza Jumatatu, utamaliza Jumapili na kuanza tena Jumatatu, siku zote. Aliyeanza Jumatatu ya tarehe 5 Januari 2026 anamaliza Jumapili ya tarehe 1 Februari, anaanza tena tarehe 2 Machi, halafu tarehe 27 Aprili. Mzunguko mmoja ni ampuli 56. Kila Jumapili usiku zihesabu kwenye friji: 42, 28, 14, sifuri. Zikiwa 44 Jumapili ya kwanza, dozi mbili zimepotea, na ni rahisi kukumbuka zilipotelea siku gani wiki ikiwa bado mbichi. Siku ya mwisho ya kuvuta ndiyo siku ya kuagiza kisanduku kijacho, una wiki nne za kukisubiri. Na mapumziko ni ya antibiotiki peke yake. Mazoezi ya kutoa makohozi na maji ya chumvi hayana likizo.

Ratiba hii si ya kila dawa. Aztreonamu, antibiotiki nyingine ya kuvuta, ni miligramu 75 mara tatu kwa siku, zikitengana angalau saa 4, na ina nebulaiza yake maalumu inayomaliza kwa dakika 2 au 3. Kolistini, nayo antibiotiki ya kuvuta, ni unga. Ukiuchanganya, zungusha chupa taratibu, usitikise, utapata povu tupu, na uvute papo hapo. Wanaochanganya asubuhi ili jioni wavute tu wanajihatarisha, kwa sababu ikikaa kwenye maji hubadilika na kuweza kudhuru mapafu.

Dozi ya kwanza kabisa ivutwe kliniki, na kipimo cha kupuliza cha kupima nguvu ya mapafu kifanyike kabla na baada, maana kuna kifua kinachobana kwa tobramaisini. Sauti kukauka hutokea. Masikio yakianza kulia, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo, kabla ya ampuli inayofuata.