Kuni za Juni: siku moja shambani kwetu Njombe

Saa 11 alfajiri. Mwezi huu mabondeni majani ya viazi huungua kwa umande ulioganda, kwa hiyo mama ameshaamka kabla yangu, anaota moto jikoni. Kuni anazochochea nilizikata kiangazi cha mwaka jana. Za leo ni za mwakani.

Saa 1 nanoa shoka kwa tupa na kukaza mpini. Saa 2 tuko kwenye miwati, miti yetu ya kuni, mimi na kijana wa jirani anayejifunza kazi.

Kabla ya kugusa mti tunatazama umeinamia wapi, tunafyeka njia ya kukimbilia kwa nyuma, kimshazari. Mkato wa kwanza unafunguka kule tunakotaka uangukie. Wa pili unatoka nyuma, juu kidogo ya ule wa kwanza, na haukutani nao: katikati tunabakiza utepe mwembamba wa mti. Utepe huo ndio unaouongoza mti ukishuka. Ukiukata wote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Kijana nimemrudishia somo hili mpaka akaweza kunieleza yeye.

Hadi saa 6 ni kupogoa na kukata magogo ya urefu wa jiko. Tunakula ugali na maharage hapohapo.

Saa 7 tunapasua. "Kaka, si tuyapange mazima, tupasue tukihitaji?" Hapana, mdogo wangu. Gome ni koti la mvua, linazuia maji ya ndani yasitoke. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na tunataka yashuke chini ya asilimia 20. Kuni mbichi inatumia moto wake kuchemsha maji yake yenyewe. Nyumba haipati joto, inapata moshi, na moshi huo wanauvuta akina mama na watoto. Gogo lenye ufa tunaufuata ufa. Lenye kifundo tunalipigia kabari kando ya kifundo.

Saa 9 tunapanga juu ya fito, zisiguse ardhi, upande unaopigwa na upepo, kwa nafasi za kupitisha hewa. Zitaezekwa bati kabla ya mvua za Novemba. Matawi tunayaacha shambani. Muwati haupendi kuchipua kisikini kama mlingoti (mkaratusi), ila mbegu zake zimelala udongoni, na moto mdogo wa kusafishia shamba, ukilindwa vizuri, huziamsha.

Saa 12 jioni jiko linawaka, mlango wa jikoni uko wazi kidogo.

Saa 3 usiku mama ananiomba nimwingizie makaa chumbani kwenye karai. Nakataa kwa heshima, kama ninavyokataa kila mwaka: makaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na huku kwenye baridi imeshaua watu usingizini. Namletea blanketi la pili na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni.