Eskaveta juu ya trela: mnyororo wa tano
Wakuu mnaopakia eskaveta Moshi kuleta Arusha, minyororo minne ni ya mwili wa mashine tu: miwili ivute mbele, miwili nyuma. Wa tano ufunge bumu (mkono wa mashine) na baketi (ndoo ya kuchimbia). Huo ndio wengi wanausahau, na inauma kuona. Mashine ya tani 20 inahitaji minyororo yenye uwezo wa jumla usiopungua tani 10.

Kabla ya kupandisha, kwangueni tope kwenye cheni za kutembelea na sakafu ya trela. Tope huteleza; likikauka na kudondoka njiani, mnyororo uliokazwa vizuri unalegea. Usipitishe mnyororo juu ya paipu za haidroliki. Baketi iguse sakafu, injini izimwe. Mkifika Boma Ng'ombe simameni, mkaze upya.