Raba inayowaka: mwanga ni rahisi, elektrodi ndiyo kazi

OLED zinazovutika, yaani tabaka za kikaboni zinazotoa mwanga zikipitishiwa umeme, zipo, na kundi la mtafiti Zhenan Bao kule Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha yake mwaka 2022, lakini hazipendi oksijeni wala unyevu. Kwa karakana ya kawaida anza na poda ya zinki salfaidi yenye shaba kidogo, inayowaka kwa umeme, iliyokorogwa ndani ya silikoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia njia hiyo mwaka 2016 kutengeneza ngozi ya roboti iliyoendelea kuwaka hata ilipovutwa zaidi ya mara tano ya ukubwa wake.

Pima gramu 5 za Ecoflex 00-30 (silikoni laini inayouzwa kwa sehemu mbili) sehemu A, gramu 5 za sehemu B na gramu 10 za poda. Vaa glovu za naitraili. Salfa iliyomo kwenye glovu za lateksi huua platinamu inayogandisha silikoni, na utabaki na uji unaonata hadi kesho. Toa hewa kwa pampu ya vakyumu, ukitumia kikombe kikubwa kwa sababu mchanganyiko huumuka kama unga wa mandazi. Bandika tabaka tatu za tepu ya ofisini pande mbili za kioo, upate kina cha kama mikromita 150, kisha mimina mchanganyiko na usawazishe kwa wembe. Ingiza kwenye oveni ya nyuzi 60 mara moja. Ukiiacha igande yenyewe kwa saa nne, poda, ambayo ni nzito takriban mara nne kuliko silikoni, huzama chini, na silikoni tupu inayobaki juu hula volteji bure.

Sasa elektrodi, yaani jeli inayopeleka umeme pande zote mbili za silikoni. Kwa mililita 100 za jeli, yeyusha gramu 34 za lithiamu kloraidi na gramu 15.6 za akrilamaidi. Chumvi hiyo, lithiamu kloraidi, hupasha maji moto inapoyeyuka. Usipoyapoza kwanza, jeli itaganda kabla hujaimimina. Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva, kwa hiyo poda yake isipeperuke. Jeli ya maji haishiki silikoni hata kidogo. Paka silikoni benzofenoni iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, ikauke, mimina jeli, kisha umulike kwa urujuanimno. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa jeli ikibanduka mara ya kwanza wakivuta.

Inveta ndogo ya nyaya za kung'aa hutoa takriban volti 100, na kwa unene huu utaona mwanga hafifu tu. Tafuta volti 300 za AC, kilohezi 1, na funika kila kitu kwa silikoni kabla ya kugusa. Ukiongeza masafa (hizo kilohezi), mwanga wa kijani huelekea buluu.

Ukivuta hadi mara mbili, unene hushuka hadi asilimia 71 na nguvu ya uga wa umeme hupanda kwa volteji ileile. Kiputo kimoja kilichosalia hupigwa cheche hapo, na doa jeusi halirudi. Giza linaloanzia mbali na waya wa umeme ni jambo jingine: jeli inakauka. Angalia kingo.