Jukwaa refu la Albury

Papa, yaani baba, wa nyumba niliyofikia Albury, mji wa mpakani kati ya New South Wales na Victoria, alikuwa anakaribia kufanya mtihani wa uraia wa Australia, nami nikapewa kazi ya kumsikiliza. Ni mtu wa Uvira, Kongo, alipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Alikuwa amekariri kwamba tarehe 1 Januari 1901 makoloni sita yaliyojitawala yaliungana kuwa nchi moja.

"Lakini mwanangu, watu hawaungani bure. Kulikuwa na nini?"

Nikamchukua hadi stesheni. Jukwaa lake lina zaidi ya mita 400, na hiyo ndiyo sababu niliyotaka aione. Reli za koloni la New South Wales zilikuwa na upana wa milimita 1,435, za koloni jirani la Victoria 1,600. Abiria wa Sydney walishushwa hapa na mabegi yao, wakavuka jukwaa kupanda treni ya Melbourne. Mto Murray, hapo kusini tu, ulikuwa mpaka wa forodha: Victoria ikitoza ushuru kulinda viwanda vyake, jirani yake akitaka biashara huria.

Papa akacheka. "Kumbe Kavimvira!" Ndiyo forodha ya kwao Uvira, mpakani na Burundi.

Hapo akaelewa kwa nini watu wa mpakani ndio waliosukuma muungano. Mwaka 1893, huko Corowa kando ya mto huohuo, John Quick alipendekeza wananchi wachague wenyewe wajumbe wa kuandika katiba, kisha waipigie kura. Mwaka 1898 kura za "ndiyo" zilishinda New South Wales, ila hazikufika 80,000 zilizotakiwa. Wakarudi mezani. Mji mkuu ukaahidiwa kuwa ndani ya New South Wales, ila si chini ya maili 100 kutoka Sydney. Wivu mtupu kati ya makoloni! Western Australia ilikubali mwisho kabisa, Julai 1900. New Zealand ikakaa pembeni.

"Na sisi weusi?"

Nikamweleza sheria ya uhamiaji ya mwaka huohuo 1901: ofisa angeweza kukusomea maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya, uyaandike; ukishindwa, huingii.

"Kifaransa ningeandika."

"Wangekupa Kiswidi, Papa."

Waaborijini, wenye nchi, katiba iliagiza wasihesabiwe katika idadi ya watu. Kifungu hicho kilifutwa 1967. Hata treni ya kwenda moja kwa moja hadi Melbourne ilingoja 1962.

Mtihani alifaulu. Alilalamika tu kwamba hakuulizwa chochote kuhusu reli.